Shajara ya mradi: chembe za fedha, na hesabu ya taka zake

Januari, kuanza

Lengo limeandikwa ubaoni kwa sentensi moja: kutengeneza chembe za nano za fedha (zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita) kwa maji, mimea na joto dogo, kisha kupima kwa mizani kama njia hiyo ni safi kweli kuliko ya zamani. Nusu ya pili ya sentensi ndiyo iliyonivuta. Taarifa za chembe za nano "za kijani" ni nyingi, na nyingi huishia pale mmumunyo unapobadilika rangi. Jani limetumika, basi njia inaitwa rafiki wa mazingira. Mimi nataka kuiona hesabu.

Njia safi si ngeni katika fani hii. Michael Faraday alitengeneza dhahabu nyekundu ndani ya maji na kuieleza mwaka 1857, akitumia fosforasi. Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake walichemsha chumvi ya dhahabu pamoja na sitrati, ndani ya maji tu, wakapata chembe nzuri. Ugumu ulikuja watafiti walipotaka chembe zenye ukubwa mmoja na zinazokubali kukaa kwenye viyeyushi vya jamii ya mafuta. Njia ya Brust ya 1994 inatumia tolueni, thioli na borohidridi ya sodiamu. Nukta za kwanta za kadimiamu, yaani fuwele ndogo mno ambazo rangi yake hufuata ukubwa wake, walizozieleza Murray, Norris na Bawendi mwaka 1993 zilihitaji dimethili kadimiamu, ambayo ni sumu kali na haitulii hewani, pamoja na joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Kazi hiyo ilifungua mlango mkubwa, na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2023 iliitambua kwa haki. Lakini sumu ni sumu, na mtu anayeshika chupa ana mapafu.

Kwa upande wa fedha, njia ya kawaida ya maabara ni borohidridi ya sodiamu. Inafanya kazi upesi na inatoa chembe ndogo za rangi ya manjano. Ni sumu ikimezwa, na ikikutana na maji au asidi hutoa gesi ya hidrojeni. Hidrazini nayo hutumika, na hiyo inashukiwa kusababisha saratani. Hizi ndizo tunazotaka kuziacha.

Kati ya kanuni 12 za kemia ya kijani zilizoandikwa na Paul Anastas na John Warner mwaka 1998, tumechagua nne za kutuongoza: kuzuia taka badala ya kuzisafisha baadaye, kutumia vitu visivyodhuru, kubana nishati, na kutumia malighafi inayoota tena. Daftari lina safu nne pia: kilichoingia, kilichotoka, joto lililotumika, na mabaki yalikokwenda. Hakuna jaribio litakalohesabiwa kuwa limekamilika mpaka safu ya nne ijazwe.

Januari, mwishoni: maji ya majani

Tumeanza na mwarobaini, kwa sababu una historia katika fani hii: mwaka 2004 Shankar, Sastry na wenzao walionyesha kwamba mchemsho wa majani yake hutengeneza chembe za dhahabu na za fedha. Majani yanaoshwa, yanakaushwa kivulini, yanasagwa. Gramu 10 za unga katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, yanapashwa moto, yanachujwa kwenye pamba halafu kwenye karatasi ya kuchujia. Kinachopatikana ni maji ya rangi ya chai nyepesi, ambayo humu nitayaita maji ya majani.

Ndani yake kuna mchanganyiko mkubwa: polifenoli, flavonoidi, sukari, protini, chumvi za madini. Polifenoli ndizo tunazozitegemea zaidi. Zina vikundi vya hidroksili vilivyoshikamana na pete ya kaboni, na vikundi hivyo viko tayari kuachia elektroni. Ayoni ya fedha inazipokea, inageuka kuwa atomu, atomu zinakusanyika, chembe inazaliwa. Molekuli zilezile, pamoja na protini, zinaizunguka chembe na kuizuia isishikane na jirani yake. Kwa njia nyingi za zamani kazi hizo mbili zilihitaji kemikali mbili tofauti. Hapo ndipo penye faida halisi ya mmea, na ni faida kubwa.

Februari: rangi

Mililita 10 za maji ya majani kwenye mililita 90 za nitrati ya fedha ya milimola 1 kwa lita. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Kisha manjano hafifu, kisha manjano iliyokolea, mwisho hudhurungi. Sichoki kuitazama.

Rangi hiyo haitokani na doa la mmea. Elektroni zilizo huru ndani ya chembe ya fedha huyumba kwa pamoja zinapopigwa na mwanga, na kwa chembe ndogo za mviringo mwanga unaofyonzwa zaidi ni wa urefu wa wimbi wa karibu nanomita 400 hadi 420. Kikifyonzwa kipande hicho cha urujuani, jicho linabaki na manjano. Dhahabu hufyonza karibu na nanomita 520, ndiyo maana ya Faraday ilikuwa nyekundu. Kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa, kilele chetu kimekaa juu kidogo ya 420 na kimetanuka, dalili kwamba ukubwa wa chembe haulingani.

Kila chupa ya jaribio ina wenzake wawili wa kulinganishia: maji ya majani yasiyo na fedha, na nitrati ya fedha isiyo na majani. Zote zimefungwa kwa karatasi ya alumini, kwa kuwa mwanga peke yake unaweza kuibadili nitrati ya fedha. Bila hao wawili, rangi haithibitishi chochote. Maji ya majani nayo huwa na rangi ya hudhurungi, na yakikaa hewani hukolea zaidi.

Februari, katikati: kloridi

Hapa nataka kukaa kidogo, maana jambo hili linapuuzwa mno.

Kloridi ya fedha ni chumvi ngumu sana kuyeyuka. Zao lake la umumunyifu, namba inayoonyesha ni kiasi gani kinaweza kuyeyuka, ni takriban 1.8 × 10⁻¹⁰. Kwa fedha ya milimola 1 kwa lita, inatosha kuwa na kloridi ya takriban maikrogramu 6 kwa lita ili ukungu mweupe uanze kujitenga. Maji ya bomba yana kloridi kupita kiwango hicho kwa maelfu ya mara, kwa hiyo hayafai kabisa. Lakini hata ukitumia maji yaliyokenekwa, jani lenyewe lina kloridi. Mmea hauwezi kuishi bila klorini: inahitajika pale maji yanapopasuliwa ili kutoa oksijeni wakati wa usanisinuru. Kwa hiyo kila maji ya majani, ya mmea wowote, yanaingia kwenye nitrati ya fedha yakiwa na kloridi.

Matokeo yake ni kwamba ndani ya chupa moja panaundwa vitu viwili kwa pamoja: chembe za fedha na chembe za kloridi ya fedha. Kwa jicho huwezi kuvitofautisha, kwa sababu kloridi ya fedha nayo hugeuka kijivu na kuwa nyeusi ikipigwa mwanga. Eksirei ndiyo inayosema: kila fuwele huirudisha kwa pembe zake yenyewe. Kwa mnururisho wa shaba, fedha halisi hutoa vilele karibu na pembe za nyuzi 38.1, 44.3, 64.4 na 77.4. Kloridi ya fedha hutoa vyake karibu na 27.8, 32.2 na 46.2. Sampuli yetu ya mwarobaini ina vyote. Kilele cha 32.2 kimesimama wima, hakihitaji kutafutwa.

Hilo lina uzito kwa anayejali mazingira. Ukiripoti kwamba fedha yote uliyoweka imekuwa chembe za nano, kumbe sehemu imekwenda kwenye kloridi, hesabu yako ya mavuno ni ya uongo, na hesabu ya taka nayo ni ya uongo. Tena, chembe za fedha na kloridi ya fedha haziachi ayoni kwenye maji kwa mwendo mmoja, na ayoni ya fedha ndiyo inayodhuru viumbe wa majini.

Amonia huiyeyusha kloridi na kuiacha fedha, kwa hiyo tunaosha sehemu ndogo ya sampuli kwa amonia na kupima tofauti ya uzito. Tahadhari kwa yeyote atakayefuata hatua hii: mmumunyo wa fedha na amonia usihifadhiwe hata usiku mmoja, kwani ukikaa unaweza kutengeneza kitu kinacholipuka. Unatiwa asidi mara tu kipimo kinapoisha.

Kuanzia sasa hakuna mmea utakaoingia kwenye mradi kabla kloridi yake haijapimwa.

Machi: mizani

Hii ndiyo siku niliyokuwa naisubiri. Mwaka 1992 Roger Sheldon alipendekeza kipimo chepesi: gawanya uzito wa taka kwa uzito wa bidhaa. Tukichukua kwamba fedha yote imegeuka, jambo ambalo ni kuipendelea njia yetu, mililita 90 za milimola 1 kwa lita zinatoa miligramu 9.7 za fedha. Kuzipata tumetumia sehemu ya kumi ya maji ya majani, yaani gramu 1 ya majani makavu. Kwa hiyo bila kuhesabu maji, kila gramu ya fedha imebeba takriban gramu 100 za majani. Ukihesabu maji ya mmumunyo pamoja na kuosha mara tatu kwa kiasi kilekile, unafika karibu gramu 41,000 za maji kwa gramu 1 ya chembe.

Sasa tazama borohidridi. Utaratibu unaofundishwa maabara nyingi unachukua mililita 30 za borohidridi ya milimola 2 kwa lita na mililita 10 za nitrati ya fedha ya milimola 1. Fedha ni miligramu 1.08. Borohidridi ni miligramu 2.3, kama mara mbili tu ya uzito wa fedha. Maji, bila kuhesabu kuosha, ni takriban gramu 37,000 kwa gramu 1.

Kwa uzito mtupu, basi, jani halijashinda. Kwa maji wanakaribiana, na kwa malighafi jani limeachwa mbali. Lilipo na ushindi ni kwenye aina ya mabaki: makapi ya majani yanaoza, borohidridi haina namna hiyo, na anayefanya kazi hapumui kitu cha kumdhuru. Ushindi huo ni wa kweli nami nauthamini, ila unahusu usalama. Taka hazijapungua. Anayetaka kupunguza taka ana kazi nyingine ya kufanya, na hesabu hii imetuonyesha mahali pa kuifanya: kwenye maji, na kwenye ukolezi.

Joto nalo limehesabiwa. Kupasha mililita 100 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 ni kilojuli 31 kwa nadharia, na jiko la maabara linapoteza nyingi zaidi ya hizo. Lakini kukausha sampuli kwa kugandisha kunadai zaidi: kugeuza kilo moja ya barafu moja kwa moja kuwa mvuke ni karibu megajuli 2.8, yaani kilojuli 280 kwa kila mililita 100. Ni mara tisa ya kuchemsha. Tulikuwa tunatazama jiko, kumbe mlaji mkubwa wa umeme ni mashine ya kukaushia. Uamuzi umekuwa mwepesi: chembe zitabaki ndani ya maji. Tunakausha kiasi kidogo tu kinachohitajika kwa eksirei.

Machi, mwishoni: kubana

Moto kwanza. Polifenoli huachia elektroni kwa urahisi zaidi zikipoteza hidrojeni ya hidroksili yake, na hilo hutokea maji yanapoelekea upande wa besi. Matone machache ya hidroksidi ya sodiamu, pH ikasogezwa karibu na 9, na rangi ikatokea ndani ya dakika chache bila moto wowote. Besi inaingia kwenye maji ya majani kwanza, kisha fedha inafuata tone kwa tone. Ukigeuza mpangilio, fedha hujitenga kama oksidi ya kahawia kabla haijakutana na polifenoli. Kila elektroni inayotoka kwenye polifenoli huacha nyuma ayoni ya hidrojeni, hivyo pH hushuka kadiri chembe zinavyoundwa. Tumeanza kuitumia pH kama saa: ikitulia, kazi imekwisha.

Kuzidua majani bila kuchemsha pia kunawezekana, kwa kuyaloweka usiku kucha. Maji yanatoka mepesi zaidi lakini yanatosha.

Ukolezi ulitaka subira. Tumepandisha fedha hatua kwa hatua kutoka milimola 1, tukiongeza na nguvu ya maji ya majani. Kwenye 5 chembe bado zimetulia. Juu ya hapo zinaanza kushikana na kuzama, kwa sababu chumvi zikizidi, chaji inayozisukuma chembe mbali na wenzake hufunikwa. Milimola 5 inatosha kwetu: maji ya mmumunyo kwa kila gramu ya fedha yamekuwa sehemu ya tano ya yale ya mwanzo.

Maji ya kuoshea tunayazungusha. Yale ya mwosho wa tatu ni safi karibu kama mapya, kwa hiyo yanakuwa ya mwosho wa kwanza wa chungu kinachofuata. Hakuna kifaa kipya kilichohitajika, ni lebo tu kwenye chupa.

Aprili: taka kwa taka

Mwarobaini umeachwa, na sababu haihusu ubora wake. Jani linalochumwa kwa ajili ya maabara ni malighafi, na tunaibeba kwenye hesabu. Majani ya chai yaliyokwisha kupikwa ni taka tayari, na bado yana polifenoli za kutosha. Tena mpishi ameyazidua mara moja kwa maji ya moto, na sehemu ya chumvi zinazoyeyuka upesi, kloridi ikiwemo, imekwenda naye. Kilele cha 32.2 kwenye eksirei kimeshuka waziwazi.

Pamoja nayo tunaendesha njia mbili za kulinganisha ambazo hazina mmea mzima. Ya kwanza ni glukosi na wanga, njia waliyoichapisha Raveendran, Fu na Wallen mwaka 2003: sukari inatoa elektroni, wanga unazivika chembe, maji ndiyo kiyeyushi. Ya pili ni asidi ya taniki. Katika zote mbili unajua kwa jina na kwa uzito kila kitu ulichoweka. Na kilele kwenye spektrofotomita kinalionyesha hilo: kinarudi palepale, chungu baada ya chungu. Chai haifanyi hivyo. Furushi moja la majani na jingine hutoa vilele vinavyopishana, na ukubwa wa chembe unapishana navyo.

Mimi naona hili ndilo swali gumu zaidi la fani nzima. Chungu kinachotupwa kwa sababu chembe zake hazikulingana na za jana ni taka asilimia mia, hata kama kilitengenezwa kwa majani. Kwa hiyo sasa tunapima jumla ya polifenoli za kila furushi kabla ya kulitumia, kisha tunalipunguza kwa maji mpaka nguvu zilingane. Mpishano umepungua, haujaisha.

Neno kuhusu kipimo cha ukubwa. Kifaa cha mtawanyiko wa mwanga hutoa namba kubwa kuliko hadubini ya elektroni, na si ubovu wa kifaa. Nguvu ya mwanga unaotawanywa hupanda kwa kipeo cha sita cha kipenyo, hivyo chembe moja ya nanomita 100 inang'aa kama chembe milioni moja za nanomita 10. Isitoshe, kifaa hupima chembe pamoja na vazi lake la molekuli za mmea na maji yaliyolishikilia. Tunaandika namba zote mbili.

Aprili, kando: chuma

Tumeulizwa mara nyingi kwa nini hatutengenezi chembe za chuma kwa chai, kwa vile mmumunyo unageuka mweusi papo hapo. Jibu liko kwenye volti. Fedha hupokea elektroni kwenye +0.80, chuma kwenye −0.44. Polifenoli inaweza kuilisha fedha. Chuma haiwezi kukifikisha kwenye metali katika hali hizi, inaishia kukipunguza kutoka ayoni ya chaji tatu hadi ya chaji mbili. Weusi ule ni chuma kilichoshikwa na tanini, wino uleule uliotumika kuandikia kwa karne nyingi. Kinaweza kuwa na kazi zake, lakini kukiita metali ni kumpotosha msomaji.

Mei: safu ya nne

Mabaki. Kila maji yenye fedha yanaingia kwenye ndoo moja, yanatiwa chumvi, na kloridi ya fedha inazama. Tabia ileile iliyotusumbua Februari sasa inatufaa. Masimbi, yaani kile kilichozama, yanakusanywa, yanapashwa moto na hidroksidi ya sodiamu pamoja na glukosi, na yanarudi kuwa unga wa fedha wa kijivu. Chembe za nano zilizobaki kwenye maji hazizami kwa chumvi zote, kwa hiyo ndoo inaachwa itulie, kisha maji ya juu yanachujwa na kupimwa kabla ya kumwagwa.

Kuirudisha fedha hiyo kuwa nitrati kunahitaji asidi ya nitriki, na hatua hiyo hutoa gesi za oksidi za nitrojeni. Hatuifanyi hapa. Tunauhifadhi unga mpaka uwe mwingi wa kutosha kupelekwa kwa msafishaji wa madini mwenye mtambo wa kunasa gesi. Katika daftari umeandikwa kama deni, haujafutwa, maana nitrati tunayoinunua nayo ilitengenezwa kwa asidi hiyohiyo mahali pengine.

Kwa sasa njia inayoongoza ni makapi ya chai yaliyolowekwa bila moto, pH karibu na 9, fedha milimola 5, maji ya kuoshea yakizungushwa. Glukosi na wanga inaishinda kwa kulingana, lakini inataka joto na muda mrefu zaidi. Asidi ya taniki inashinda zote mbili kwa kasi, ila huzalishwa kwa kuziduliwa kutoka kwenye mimea kiwandani, na gharama ya hatua hiyo bado haimo kwenye safu zetu.

Linalofuata ni uthabiti: sampuli za njia zote tatu zinawekwa gizani na kwenye mwanga, nyingine zikiwa na chumvi kidogo, na kilele cha kila moja kinasomwa kwa ratiba. Itakayoshikana kabla ya kutumika itabidi irudi kwenye ndoo, na uzito wake uhamie kwenye safu ya taka.